Kinywa, ulimi na silabi za Kiingereza: mwongozo kamili kwa msemaji wa Kiswahili nchini Uganda

Tamka neno "milk" kama kawaida yako, kisha usikilize mwisho wake. Je, baada ya k kimesikika kisauti kidogo cha i? Kama kimesikika, si uvivu wala upungufu wa shule. Umefanya kile ambacho Kiswahili hufanya kila kinapokopa neno: "bank" ikawa benki, "cake" ikawa keki, "club" ikawa kilabu, "bus" ikawa basi. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na ya Kiganda na Kinyankole vilevile. Kinywa kilicholelewa na lugha hizi huitafuta irabu hiyo hata mahali ambapo haipo. Kiingereza chenyewe hufunga silabi zake kwa konsonanti moja, mbili, tatu, hata nne.

Ndiyo maana sianzi na th, ingawa walimu wengi huanzia hapo. Ukikosea th bado utaeleweka. Kinachomfanya msikilizaji akuombe urudie ni silabi isiyofungwa, irabu iliyochanganywa na nyingine, au mkazo uliowekwa pasipo pake. Nawaandikia Waganda, Waacholi, Wanyankole na wengine wanaotumia Kiswahili kazini, jeshini au mpakani Busia na Malaba, na pia Wakongomani wa Nsambya na Nakivale waliosoma kwa Kifaransa na sasa watoto wao wanasoma kwa Kiingereza. Matamshi ninayoyafuata ni ya Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu ndicho msingi wa shule zetu.

Tafuta kioo kidogo, simu inayorekodi sauti, na kipande cha karatasi nyepesi. Kaa mahali ambapo hutaona aibu kufungua kinywa.

Jua ulimi wako unagusa wapi

Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Irudishe nyuma kidogo, utakuta kituta kigumu: huo ni ufizi, na hapo ndipo t, d, n, l na s za Kiingereza zinapofanyiwa kazi. Endelea kurudi nyuma, utalipita kaakaa gumu, kisha utafika sehemu laini ambayo ncha ya ulimi huifikia kwa shida. Hilo ni kaakaa laini. Ncha haina kazi huko; ni sehemu ya nyuma ya ulimi inayoinuka na kuligusa unaposema k na g.

Sasa weka vidole viwili kooni useme sss ndefu, kisha zzz. Kwenye zzz koo linatetema. Ulimi haukuhama, midomo haikubadilika, ila koo limewashwa. Sauti inayotetemesha koo huitwa sauti ghuna. Jozi zote hizi zinatofautiana kwa jambo hilo: p na b, t na d, k na g, f na v, s na z. Ukiweza moja ya jozi, ya pili unayo tayari.

Funga silabi, kisha nyamaza

Sema "map" mbele ya kioo. Kwenye p midomo ifungwe, na ibaki imefungwa. Usiifungue. Hesabu moja, mbili, ndipo uiachie, bila sauti yoyote ya koo. Utahisi kama neno limekatwa kabla ya kwisha, na hisia hiyo ndiyo unayoitaka. Fanya hivyo kwa "cat", ncha ya ulimi ikibaki imebandikwa kwenye ufizi, kisha kwa "back", nyuma ya ulimi ikibaki juu kwenye kaakaa laini.

Kosa hutokea wakati wa kuachia. Koo likiwa bado linatetema midomo inapofunguka, irabu huzaliwa yenyewe: mapu, kati, baki. Zima koo kwanza, achia baadaye. Jirekodi ukisema "map, cat, back, stop, book, milk, desk" na usikilize miisho peke yake, bila kujali sehemu nyingine za neno.

Konsonanti ghuna zinapofunga silabi zina siri yake. Katika "bag", "cab" na "seed", ile g, b au d ya mwisho ni dhaifu mno, karibu haisikiki. Msikilizaji hutambua neno kwa urefu wa irabu iliyotangulia. Irabu ya "back" ni fupi, ya "bag" inavutwa. Irabu ya "seat" inakatwa, ya "seed" inaachwa iende. Kwa hiyo usihangaike kuipigia kelele ile g ya mwisho, maana ukiilazimisha utapata "bagi". Vuta irabu, kisha funga kwa upole. Jaribu "cap" na "cab", "rice" na "rise", "leaf" na "leave", na uone jinsi urefu wa irabu unavyofanya kazi yote.

Kuna habari njema pia. Neno lililofungwa kwa konsonanti likifuatwa na neno linaloanza kwa irabu, Kiingereza chenyewe huihamisha konsonanti hiyo mbele. "Stop it" husikika sto-pit. "Turn off" huwa ta-nof. "Pick it up" huwa pi-ki-tap. Hizo ni silabi wazi kabisa, za namna tuliyoizoea. Anayesoma Kiingereza neno moja moja, akisimama baada ya kila moja, anajinyima msaada huu.

Irabu: hapa ndipo penye kazi kubwa

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na takriban 20, zikiwamo zile zinazoanzia mahali pamoja na kuishia pengine. Herufi za maandishi hazitakusaidia. Kitakachokusaidia ni taya, ulimi na midomo.

Anza na maneno manne: "hat", "hut", "heart", "hurt". Kwa sikio la Kiswahili yote ni kama hat tu. Kwa Mwingereza ni kofia, kibanda, moyo na kuumia. Mama mmoja kutoka Bunia aliwahi kuniambia darasani, "Mwalimu, zahanati niliwaambia goti langu limeumia, wakaanza kuniuliza habari za moyo." Nikampa kioo. Tulifanya hivi, taratibu, irabu moja baada ya nyingine.

"Hat": shusha taya, sukuma ulimi mbele hadi ncha iguse nyuma ya meno ya chini, vuta pembe za midomo kidogo kwa upande. Sauti iko kati ya a na e. Katika kioo uone meno ya juu vizuri.

"Hut": hii ni fupi. Taya inashuka kiasi, ulimi unatulia katikati, midomo haifanyi lolote. Ni a ya Kiswahili iliyokatwa haraka.

"Heart": shusha taya kabisa, ulimi ulale chini na urudi nyuma, kama daktari anapotaka kukuangalia koo. Ivute. R iliyoandikwa haitamkwi.

"Hurt": hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hatuna chochote kinachofanana nayo. Taya inarudi juu, karibu kufunga. Ulimi unainuka katikati ya kinywa na kubaki hapo bila kugusa popote, si juu, si chini, si pembeni. Midomo isiviringwe, isivutwe. Toa sauti ndefu. Hapa pia r haitamkwi.

Mama yule alipata "hat" upesi, na "heart" haikumpa taabu. Kwenye "hurt" taya yake ilishuka kila mara na kumrudisha kwenye "heart". Nikamwambia, "Mama, uma kalamu kidogo kwa meno ya mbele, halafu sema." Kalamu iliizuia taya isishuke, na sauti ikatoka. Akacheka, akaitoa kalamu, akasema tena, ikatoka tena. Zoezi hilo la kalamu ninalipendekeza kwa kila mtu. Ukilimudu, pitia "work", "girl", "first", "church", "nurse", "thirty".

Ukitaka ushahidi kwamba irabu hii ni ngeni kwetu, angalia maneno mawili tuliyokopa: "shirt" imekuwa shati, "nurse" imekuwa nesi. Irabu ni ileile kwa Kiingereza, lakini Kiswahili kimeisikia mara moja kama a na mara nyingine kama e, kwa kuwa haikupata mahali pa kuiweka.

Jozi ya pili ni "ship" na "sheep". I ya Kiswahili iko karibu na ya "sheep": midomo imevutwa kama ya mtu anayetabasamu, ulimi juu na mbele. Ivute zaidi kidogo, umefika. Kwa "ship", anzia hapohapo kwenye i, legeza midomo, acha ulimi uteremke kidogo kuelekea e, na ukate mapema. Kisha fanya "live" na "leave", "fill" na "feel", "slip" na "sleep". Anayetaka kusema anaishi Jinja na akavuta irabu, ataeleweka kuwa anaondoka Jinja. Tofauti hiyohiyo ipo kwa u: "full" imelegea, "fool" imebanwa, midomo ikiwa mbele.

Waacholi na Walango wanatangulia hapa. Lugha zao hutenganisha irabu za namna hii tangu zamani, shina la ulimi likisogezwa mbele kwa moja na kurudishwa nyuma kwa nyingine, ijapokuwa tahajia haionyeshi. Kama ni lugha yako ya nyumbani, tumia sikio ulilonalo.

Kisha zile irabu zinazosafiri. "Pen" inakaa mahali pamoja, lakini "pain" inaanzia e na kuelekea i, taya ikipanda. "Let" na "late", "wet" na "wait" ni vivyo hivyo. "Coat" inaanzia katikati ya kinywa na kumalizikia kwenye u, midomo ikiviringika, ilhali "cot" ni o fupi ya wazi. Ukiangalia kioo na midomo haijasogea kwenye "coat", rudia.

Irabu moja zaidi, nayo hutumika kuliko zote katika Kiingereza: irabu legevu. Kamusi huiandika kwa e iliyopinduliwa, ə. Ni ndugu mfupi wa ile ya "hurt". Kinywa kimefunguka kidogo tu, hakuna kinachojitahidi. Huiwezi kwa kuitafuta, utaipata kwa kuacha kutafuta. Nitairudia kwenye mkazo, maana huko ndiko inakoishi.

Konsonanti: nyingi unazo, chache zinadai mazoezi

Th mbili za Kiingereza zimo ndani ya Kiswahili sanifu: "think" huanza kama thamani, "this" huanza kama dhahabu. Anayesema samani na zahabu, kama wengi wetu wa bara, afanyie kazi Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Ncha ya ulimi itoke kidogo kati ya meno, pumzi ipite juu yake. Katika kioo lazima uione ncha. Usipoiona, umesema s au z.

P, t na k zikianza silabi yenye mkazo hutoka na pumzi. Shika karatasi mbele ya midomo useme "pen": karatasi iruke. Isiporuka, Mwingereza anaweza kusikia "Ben". Lakini zikitanguliwa na s, pumzi hukatika: kwenye "spin" karatasi itulie.

L na r zinahitaji muda, hasa kwa anayezungumza Kiganda, ambapo r huja baada ya e na i, na l huja kwingineko. Kinywa huchagua chenyewe bila kumwuliza mwenyewe. Kwa l, bandika ncha ya ulimi kwenye ufizi na uishike hapo huku sauti ikiendelea: lllll. Kwa r ya Kiingereza, rudisha ncha nyuma bila kugusa popote na uviringe midomo kidogo: rrrr, bila kugonga, maana r ya Kiswahili hugonga na hii haigongi. Tenganisha kwanza sauti zenyewe, kisha "light" na "right", ndipo uje kwenye "collect" na "correct", jozi inayowasumbua watu maofisini kila siku. Mnyankole ana kazi kama hiyo kinyume chake: r ameizoea, l ndiyo ya kukumbushwa. Mkongomani aliyezoea r ya Kifaransa inayokwaruza kooni ailete mbele.

Huyohuyo aliyetoka kwenye Kifaransa aichunge h. Pulizia kioo ukisema "hat": kiingie ukungu. H ikidondoka, "hungry" hugeuka "angry", na mwenye njaa akaonekana mwenye hasira.

Kwa ng tuna bahati. "Sing" na "singer" zina ng' ya ng'ombe, bila g. "Finger" ina ng ya ngoma. Sh si sauti ya asili ya Kiacholi, na wengine huiangusha kwenye s: anzia s, rudisha ulimi nyuma kidogo, viringa midomo.

Konsonanti zinapopangana

"School" si sikulu. Sema sss ndefu peke yake, koo likiwa limezimwa, kisha bila kupumua ongeza "cool": sssscool. Punguza s polepole mpaka ibaki ya kawaida. Koo likiwaka katikati ya s na k, i itajitokeza. Njia hii hufaa kwa "speak", "stop", "small", "street". Kwa "street" jenga kutoka nyuma: "reet", "treet", "street". Kujenga kutoka nyuma ndiko ninakokuamini zaidi, kwa sababu mwisho wa neno hubaki imara. "Strength" ijenge hivyo pia: "ength", "rength", "trength", "strength". Herufi nane, silabi moja.

Kwenye miisho, wenye lugha wenyewe hupunguza mzigo. "Asked" mara nyingi husemwa bila k, "months" wengi hawaitamki th yake, na "clothes" husikika kama "close" ya kufunga mlango. Punguza konsonanti kama wao, lakini usiongeze irabu.

S ya wingi na ya vitenzi hufuata koo. Baada ya sauti isiyo ghuna ni s: "books", "cups". Baada ya sauti ghuna ni z: "bags", "boys". Baada ya s, z, sh, ch na j huongezeka silabi: "buses", "churches". Ed ya wakati uliopita ina mwendo huohuo: "worked" huishia kwa t na ni silabi moja, "lived" huishia kwa d na ni silabi moja. Ni baada ya t au d tu ndipo silabi ya pili inapokuja: "wanted", "needed". Anayesema "worked" kwa silabi mbili amesoma herufi, hakusikiliza.

Mkazo

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, na silabi zote nyingine hubaki kamili. Katika Kiingereza mkazo huhama, na silabi usizozikazia hudhoofika hadi kuwa ile irabu legevu. Chukua "banana". Kwa macho ni a tatu. Kwa kinywa ni ya katikati pekee iliyo kamili na ndefu, ile ya "heart". Ya kwanza na ya mwisho ni legevu. "Teacher" huisha kwa legevu, "about" huanza nayo, "doctor" huisha nayo.

Kukazia ni kufanya mambo matatu kwa pamoja: silabi iwe ndefu zaidi, sauti ipande, irabu itamkwe kamili. Piga meza kwa kiganja kwenye silabi hiyo. "PHOtograph", "phoTOgrapher", "photoGRAPHic": kiganja kinahama, na irabu zinabadilika kila kinapohama. Wengi huku husema "develOPment". Mkazo uko kwenye silabi ya pili, "deVELopment". Maneno yanayoishia kwa tion hukaziwa silabi iliyo kabla yake: "eduCAtion", "inforMAtion". Na yapo ambayo mkazo hubadilisha aina ya neno: "REcord" ni nomino, "reCORD" ni kitenzi, na ndivyo ilivyo kwa "import" na "present".

Katika kamusi nzuri, alama ndogo kama mkato wa juu huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Itafute hiyo kabla ya kusoma maana.

Mpangilio wa mazoezi

Wiki ya kwanza shughulika na kufunga silabi tu, dakika kumi asubuhi. Ya pili na ya tatu ziwe za irabu, kalamu na kioo mkononi. R na l, au konsonanti yoyote inayokusumbua wewe, ipe wiki yake. Vishada, yaani konsonanti zinazopangana, na mkazo vifuate, na hivyo havina mwisho wa haraka. Kila siku rekodi sentensi ileile, kwa mfano "The first girl asked the nurse to stop the bus". Usiifute ya jana.

Mwisho wa kila wiki mtafute mtu anayejua Kiingereza vizuri. Mpe karatasi iliyoandikwa "hat, hut, heart, hurt" na asiangalie kinywa chako. Sema moja, yeye anyooshe kidole kwenye neno alilosikia, usimwambie kama amepatia. Rudia mara ishirini kwa mpangilio usio na utaratibu, kisha fanyeni vivyo hivyo kwa "live" na "leave", na kwa "collect" na "correct". Jozi anayoikosa mara kwa mara ndiyo ya kurudi nayo kwenye kioo kesho yake.